Sindano Kabla ya Kipupwe

Hakuna mtu anayeyaheshimu mafua. Ukisema una malaria, watu wanakuletea uji. Ukisema una presha, wanapunguza sauti. Ukisema una mafua, wanakwambia kanywe tangawizi, halafu wanakuomba uwashikie gunia upande wa pili. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka kipupwe cha mwaka juzi, mafua yaliponilaza hospitalini hapa Lushoto na mpira wa hewa puani.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa pumu, na wenye kisukari, wagonjwa wa moyo, wajawazito na wazee, wale ambao mafua yakiwaingia hayapiti njia tu. Mimi si mtaalamu. Ni mnunuzi wa mboga. Nafuata kabichi na karoti kwa wakulima wa upande wa Mlalo, nazipakia kwenye lori, zinashuka Tanga. Mtaji wangu ni mdomo. Kila mzigo nauhesabu mara mbili, kwa sababu anayenidanganya kwanza ni jicho langu mwenyewe. Pumu ninayo tangu utotoni, na tulikuwa tumezoeana kama wapangaji wa nyumba moja, kila mmoja na upande wake.

Mwaka ule ukungu ulikuwa unashuka kutoka msitu wa Magamba asubuhi na kukaa sokoni hadi adhuhuri, kama mgeni aliyekosa nauli. Kila mtu anapiga chafya. Tulipeana mikono, tukapeana chenji, tukapeana mafua. Kwangu yalianzia puani kama kawaida. Kesho yake mwili uliuma kana kwamba nimeshusha lori zima peke yangu. Kisha yakateremka kifuani, na kifua kikaanza kupiga filimbi. Dawa yangu ya kuvuta kwa mdomo niliivuta, nikaivuta tena, ikawa kama ninavuta upepo wa bure.

Mume wangu, Baba Zuhura, ni mkulima wa plamu na mtu wa mizaha. Alikuwa akinichua mgongo huku akisema filimbi hiyo ingefaa kuchezesha mpira uwanjani. Kisha akaja mbele akanitazama midomo, imegeuka rangi. Hakumalizia mzaha wake. Alitoka akaenda kutafuta gari.

Hospitalini nilikaa kwenye benchi. Nilihesabu walio mbele yangu, nikahesabu tena nikitumaini nimekosea. Muuguzi mmoja alipita, akanitazama, akarudi. Akanibana kidole na kile kibanio chenye taa cha kupimia hewa, akasoma, akamwita mwenzake naye asome. Nimekaa kwenye biashara miaka mingi. Watu wawili wakisoma kitu kimoja bila kusema neno, najua bei imekuwa mbaya.

Wakanipitisha mbele ya wote. Maisha yangu yote nimepigania kuruka foleni. Siku niliyorushwa bila kuomba ndiyo siku niliyoogopa kuliko zote.

Sitaeleza walichonifanyia maana sikielewi. Najua tu kwamba kwa siku kadhaa kazi yangu ilikuwa moja: kuvuta hewa, kuitoa, kuanza upya. Hujui kuhema ni kazi mpaka uifanye kwa mkono, hivyo ndivyo naweza kusema. Kwenye kitanda cha mbele yangu kulikuwa na bibi mmoja wa Mnazi, kule tambarare kwenye joto. Alipanda milimani kumtazama mjukuu aliyezaliwa, mafua yakamkuta hukuhuku.

"Huku kwenu," aliniambia kwa sauti ya kukwaruza, "hata maiti angeomba blanketi."

Nilicheka, na kile kicheko kilinigharimu pumzi nyingi, lakini kilistahili. Tulikuwa tunatazamana hivyo, yeye na mpira wake wa hewa na mimi na wangu, kama ng'ombe wawili wa zizi moja. Asubuhi moja niliamka nikakuta godoro lake limesimamishwa dirishani lipigwe na jua. Hapakuwa na jua. Palikuwa na ukungu tu. Sikumuuliza mtu kitu, na hakuna aliyeniambia.

Tangu hapo nilitaka kutoka. Daktari alikuwa dada mdogo tu, umri wa binti yangu Zuhura, mpole lakini mgumu.

"Daktari, niruhusu keshokutwa."

"Bado, mama."

"Basi Ijumaa, na nitakuwa nakuja asubuhi unipime."

"Mama, mimi siuzi kabichi."

"Nimeshajua," nikamwambia. "Hupunguzi kabisa."

Nilitoka alipotaka yeye.

Nyumbani nilijikuta mtu mwingine. Kanga niliyokuwa najifunga ikatosha kunizunguka na kubaki. Ngazi za kupanda kwetu, ambazo nilikuwa nazipanda nikiwa na ndoo kichwani na simu sikioni, zikawa za kusimama kila baada ya chache. Na sauti! Katika kupatana bei, anayemeza mate kwanza ndiye anayeshindwa. Mimi sasa nilikuwa nakatika katikati ya neno. Ajabu ni kwamba wakulima walidhani ni ujanja mpya. Nikinyamaza kutafuta pumzi, mtu anaona nimekataa bei, anapunguza mwenyewe. Nilinunua karoti za mwaka ule vizuri kuliko mwaka wowote. Lakini nikifika nyumbani nilikaa kizingitini nikilia, kwa sababu mimi nilijua kile kimya ni cha nini.

Kwenye mvua za vuli nilirudi kliniki. Yule daktari akasikiliza kifua, akanitazama.

"Mama, kabla ya kipupwe kijacho tafuta chanjo ya mafua. Inachomwa upya kila mwaka."

"Kila mwaka? Kama ushuru wa soko?"

"Kama ushuru. Ila huu unakulinda."

"Unaniahidi sitaugua?"

"Siahidi. Unaweza kuugua. Lakini uwezekano wa kurudi kwenye kile kitanda unapungua."

Sijawahi kununua mzigo ambao mwenyewe anauza huku akiukosoa. Labda ndiyo maana nilimwamini. Nikamwambia, "Hongea, mwanangu," yaani asante kwa Kishambaa, nikasahau kuwa yeye si Mshambaa na haelewi. Chanjo yenyewe kwetu haikuwepo. Akasema Tanga ipo hospitali moja ya kulipia inayowachoma zaidi mahujaji, na lipo duka la dawa linaloiuza kwa cheti. Akaniandikia cheti.

Nilipomwambia Baba Zuhura, aliweka kikombe chini.

"Chanjo ya mahujaji? Unakwenda Makka bila kuniaga?"

"Naenda kuhema."

"Chanjo ni za watoto. Mtu mzima anachomwa ya nini?"

Nikamwambia na yeye akachomwe, maana ameshakuwa mzee. Akasema yeye kifua chake ni cha mti wa mvule. Tukaishia hapo.

Sasa nieleze kosa langu, maana ndilo lililonifanya niandike. Masika yalipokaribia kwisha, lori zilikuwa zinapakia kila siku, na mimi nikaona kushuka Tanga kwa ajili ya sindano moja ni kupoteza mzigo. Shoga yangu Mama Pili anauza samaki. Huwaleta kutoka Tanga ndani ya maboksi ya barafu. Daktari alikuwa amesema chanjo itunzwe kwenye ubaridi. Mtu wa milimani akiambiwa kitu kitunzwe kwa ubaridi, anaona ameambiwa habari ya kwao. Sisi baridi ndiyo inayotulisha. Kabichi letu linafika mjini likiwa zima kwa sababu limelala kwenye baridi. Nikampa Mama Pili cheti na maagizo.

"Usiiache iguse joto la Mombo kule chini," nikamwambia. "Izike kabisa kwenye barafu."

"Shoga, nitaizika mpaka isahau jua."

Na kweli akaizika. Nikaipokea sokoni, kifuko kikinuka vibua, nikakimbia nayo kliniki kama nimebeba yai la dhahabu. Muuguzi akakifungua.

"Mama, hii imelala wapi?"

"Kwenye barafu."

"Na nani?"

"Na vibua."

Hakucheka. Akaigeuza kwenye mwanga. "Hii iliganda. Chanjo hii ikiganda imekufa. Inataka baridi ya friji, siyo ya barafu."

"Lakini imeshayeyuka. Si unaona, maji masafi kabisa."

"Kabichi likiganda, likayeyuka, wewe unalinunua?"

Kabichi la namna hiyo nalijua. Kwa nje linang'aa kama la kwanza. Ukilibonyeza, linatoa maji.

"Basi nichome nusu," nikasema. Mdomo una mazoea yake.

"Nusu ya kitu kilichokufa ni nini, mama?"

Akaitupa kwenye boksi la sindano chafu. Nilisikia ilivyogonga chini. Nje, ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka asubuhi, na kwenye benchi watu walikuwa wanakohoa. Nilitoka nimefunga ushungi mdomoni. Hofu iliyonishika siku ile haikuwa ya kelele. Ilikuwa kama mtu anayetembea nyuma yako njiani, ukisimama naye anasimama.

Wiki ile niliacha mzigo uozee shambani nikashuka Tanga mwenyewe.

Chumba cha kusubiria kilijaa mahujaji, wazee kwa wazee, na vifuko vyao vya shingoni vya pasi za kusafiria. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami akanisabahi, nikampa shikamoo.

"Unasafiri na kikundi gani, mwanangu?"

"Kikundi cha wenye kifua, baba."

Akafikiri. "Hicho sikijui. Kiongozi wenu nani?"

"Bado tunatafuta."

Akacheka mpaka akafuta macho, halafu akaniambia kwa upole kwamba atanitaja kwenye dua zake huko aendako. Mpaka leo sijui jina lake. Nilikuwa nimekaa pale na hofu, kwa sababu sokoni walikuwa wamenijaza maneno: sindano ya mafua ndiyo mafua yenyewe, utaumwa hapohapo, fulani alichomwa akapooza. Unaweza kuwa mjanja wa mizani na mihuri, lakini ukiogopa kwa kukosa hewa, kila uongo unakaa mezani pamoja na ukweli na unakula naye.

Muuguzi wa pale akauliza, "Nikuchome mkono upi? Ule usioutumia sana."

"Yote inafanya kazi. Sina mkono wa mapambo."

"Basi mmoja leo utapumzika."

Iliuma kidogo tu, haikufikia mwiba wa plamu. Wakaniambia nikae kwanza waniangalie. Nilikaa nikisikiliza kifua changu kama mtu anayesikiliza mlango. Hakuna kilichobisha. Mkono ulivimba kidogo, nikahisi mwili mzito siku iliyofuata, basi. Lakini wakati wa kuondoka muuguzi alinikumbusha neno moja: "Mama, mwili unahitaji kama wiki mbili kujipanga. Usijione askari kabla ya hapo."

Nikapanda milimani nikiwa nimelibeba neno hilo.

Na ndani ya wiki ileile ukatokea msiba. Dada mkubwa wa mume wangu, wifi yangu niliyeishi naye kwa kicheko na kwa magomvi, alifariki kwa uzee.

Asiyejua kwetu nimweleze. Kwenye msiba unaingia ndani, unainama kwenye mikeka, unampa mkono kila mfiwa, mmoja baada ya mwingine, ukitaja pole kwa kila jina. Asiyefanya hivyo hajafika, hata akikaa uwanjani toka asubuhi mpaka jioni. Na chumba kile kilikuwa kimefungwa madirisha kwa sababu ya baridi, moshi wa kuni umejaa, na wanawake wanakohoa mmoja akimpokea mwenzake.

Nilifika mlangoni na barakoa yangu. Nililiona lile godoro la dirishani waziwazi, kana kwamba limesimamishwa palepale. Nikarudi nyuma, nikakaa chini ya migomba kwenye ukungu, peke yangu, nimejifunika shuka.

"Mama Zuhura leo amefunga mdomo," mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kunifikia. "Nani atatupunguzia bei?"

"Siku hizi mikono yetu inanuka," akajibu mwingine.

Aliyelala ndani alikuwa wifi yangu, na mimi nilikuwa nimekaa na migomba. Baba Zuhura alinitazama mara moja kutoka barazani, akageuza uso. Tuliporudi nyumbani alivua kofia.

"Nimekuondolea aibu," akasema.

"Umefanyaje?"

"Nimezunguka mkeka mara mbili. Mara ya kwanza mkono wangu. Mara ya pili nikasema, huu ni wa Mama Zuhura, kifua kinamsumbua. Wakaupokea."

Mtu amenipenda kiasi hicho, na mimi nilichokuwa nawaza ni mikono yote ile, mara mbili.

Hazikupita siku nyingi akaanza kupiga chafya. Kifua cha mvule kikawa kinakohoa kama gari bovu. Nilihamia ghalani, tunakoweka viazi. Ghala na chumba chetu vinatenganishwa na ukuta wa mbao. Nilikuwa nampikia uji, nauweka mlangoni, naondoka, anauchukua. Madirisha ya nyumba nzima nikayafungua na baridi yote ile, majirani wakasema nimerukwa na akili. Zuhura alipiga simu kutoka Korogwe akitaka kuja, nikamkatalia kwa ukali maana ni mjamzito. Alilia. Nilikata simu nikalia na mimi.

Asubuhi moja uji ulibaki mlangoni. Nikaita. Akajibu kitu nisichokielewa.

Nilisimama pale na bakuli. Nilijua ni nini kiko upande wa pili wa ule mlango, na nilijua wiki mbili hazijatimia. Nilizihesabu vidoleni, nikarudia. Hazikutimia kwa namna yoyote ya kuhesabu. Nikavaa barakoa, nikafunga na ushungi juu yake, nikaingia. Mume ni mume. Alikuwa anawaka moto. Nikamvua, nikamfuta mwili kwa maji, nikamnywesha, nikampeleka hospitali. Walimpima kidole, safari hii muuguzi mmoja alisoma akatosheka, hakumwita mwenzake. Wakampa dawa wakaturudisha nyumbani.

Siku chache baadaye koo langu likaanza kuwasha.

Ndugu msomaji, hapo sina la kukupambia. Niliogopa mpaka nikasahau sala niliyoijua tangu chuo cha Kurani. Homa ikaja, mwili ukauma, nikarudi ghalani na dawa yangu ya kuvuta mkononi, nikaketi juu ya magunia kwa sababu kulala chali nilikuwa siwezi kujaribu. Nilikuwa nasubiri ile filimbi. Nilijua sauti yake ya kwanza itakuwaje. Kila nikivuta pumzi nilikuwa naivuta kwa heshima, kama mtu anayepita kwenye nyumba yenye mbwa.

Baba Zuhura alikuwa ameanza kupata nafuu, lakini miguu bado haina nguvu. Mchana ule nilimsikia akijikokota mpaka kwenye mbao, akakaa chini upande wake.

"Mama Zuhura."

"Naam."

"Umeanza?"

"Nimeanza."

Kisha akasema, "Ule mkono wa pili. Ningejua, ningewapa mgongo."

"Nyamaza, unajimaliza."

"Kifua kinasemaje?"

"Hakijasema bado."

Ukungu uliingia kupitia dirisha la ghala nikauacha uingie. Nilikohoa, nikavuta dawa yangu, nikangoja. Homa ilinitetemesha mpaka magunia yakalia. Nikangoja. Kuku wakapita. Jirani akakata kuni. Kifua kilibana, kweli kilibana, kama mkanda uliovutwa tundu moja. Nikangoja tundu la pili.

Sijui kilichoniokoa ni sindano, au ni kuwahi dawa, au ni dua ya yule mzee wa Tanga, na daktari mwenyewe nilipomuuliza baadaye alisema hata yeye hawezi kuapa. Nimekubali kuupokea mzigo huu bila kuupima. Mwaka huu masika hayajaisha tumeshashuka Tanga, mimi na Baba Zuhura, na yeye alilalamika mkono unauma njia nzima kutoka Mombo hadi Soni. Ukiwa mmoja wetu, uliza mapema, jua likiwa bado lipo, na uende mwenyewe na mkono wako.

Lakini mchana ule ghalani haya yote sikuyajua. Nilijua mbao, na mtu aliye nyuma yake.

"Mama Zuhura, upo?"

"Nipo."

"Sikusikii. Hema nisikie."

Nikasogea, nikaweka mdomo kwenye ufa wa mbao. Nikavuta pumzi polepole, ikaingia, ikaendelea kuingia, ikafika chini kabisa ambako haikuwa imefika siku nyingi. Nikaitoa yote kuelekea kwake.

Kisha nikamsikia upande wa pili akianza kulia.